Leseni ya mkopeshaji: kutoka bei ya khiyari Pangani hadi kausha damu

Wajerumani walipopandisha bendera ya kampuni yao Pangani, Agosti 1888, waliukuta mji unaoendeshwa kwa deni. Misafara ya kwenda bara kutafuta pembe za ndovu iliandaliwa kwa mali ya mkopo: vitambaa, shanga na nyaya zilizotolewa na wafanyabiashara wa Kihindi, zilipwe kwa pembe msafara ukirudi. Wenye mashamba ya miwa kando ya Mto Pangani nao walikopa, na kwa kuwa dini imeharamisha riba, hati ya mkopo iliandikwa kama hati ya mauzo. Hiyo ndiyo bei ya khiyari. Mwenye shamba anamuuzia mkopeshaji, anabakiwa na haki ya kulikomboa akirudisha fedha ndani ya muda waliopatana, na wakati huo anaendelea kulilima kwa kumlipa mnunuzi kodi. Kodi hiyo ilifanya kazi ya riba. Muda ukipita bila fedha kurudi, shamba limekwenda.

Kukopesha hakukuhitaji leseni. Palikuwa na hati, mashahidi na kadhi, basi. Kampuni ya Kijerumani, iliyokuwa imekodishiwa usimamizi wa pwani na Sultani Khalifa, ilikuja na ushuru wake na sharti la watu kuthibitisha umiliki wa mashamba. Sharti hilo lilimtisha hasa mtu ambaye shamba lake lilikuwa limeandikwa kwenye hati ya mwingine. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani hadi aliponyongwa Pangani Desemba 1889, mwenyewe alikuwa mkulima wa miwa. Tumezoea kuvisoma vita vile kama habari ya bendera na mizinga. Nadhani deni halijapewa nafasi yake katika simulizi hiyo.

Serikali iliingilia mikopo waziwazi wakati wa Waingereza. Mwaka 1923 Tanganyika ilipata sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika bila idhini ya serikali hakuweza kumdai mahakamani. Shabaha iliyotajwa ilikuwa kumlinda mkulima asinyang'anywe mazao na mali yake, na hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Lakini angalia kilichompata Mwafrika wa Tanga aliyetaka kufungua duka. Mwuzaji wa jumla alimpa mwenye duka wa Kihindi magunia ya sukari na marobota ya nguo alipe baadaye, huku Mwafrika akitakiwa fedha mkononi, kwa sababu hakuna aliyetaka kutoa mali asiyoweza kuidai. Sheria ilimkinga na mkopeshaji mbaya kwa kumfungia mlango wa mkopeshaji mwema pia. Kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba dawa ya mikopo umiza ni kupiga marufuku wakopeshaji wadogo wote, naikumbuka sheria ile.

Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, benki zikawa za umma, na mfanyabiashara mdogo aliendelea kutegemea upatu, jamaa na tajiri wa mtaani. Sheria ya mabenki ya 1991 iliruhusu tena benki binafsi. Mkopeshaji mdogo alisubiri hadi Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyofuatwa na kanuni zake mwaka 2019. Watoa huduma waligawanywa katika madaraja manne: taasisi zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii kama vikoba. Daraja la pili ndilo lenye kampuni za mikopo na watu binafsi wanaokopesha, nao hupata leseni Benki Kuu, ambayo inaweza pia kuisimamisha au kuifuta.

Mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu iko nje ya mfumo huo wa leseni, au inajificha nyuma yake. Chukua mama muuza samaki wa Ngamiani, mjini Tanga, aliyekopa shilingi 100,000 kwa ahadi ya kurudisha 130,000 ndani ya siku 30. Fedha ya fomu inakatwa kabla hajaishika. Marejesho ni ya kila siku, samaki wawepo au bahari iwe imechafuka, na kila malipo yanatiwa alama kwenye kadi ndogo ya karatasi. Akikosa siku mbili, watu wanakuja kubeba friji. Ukomo wa riba uliowekwa na Benki Kuu ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani shilingi 3,500 kwa laki moja. Yeye analipa 30,000, zaidi ya mara nane, na mara nyingi hajui kwamba ukomo huo upo.

Simu zimeleta jambo jingine. Programu ya mkopo husoma orodha ya majina yaliyomo kwenye simu, na mdaiwa akichelewa, ujumbe wa kumwaibisha unamfikia mwajiri, mkwe, hata imamu wa msikiti. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni wala idhini. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima.

Ila programu inaweza kufungwa kutoka Dar es Salaam. Mkopeshaji wa chumba kimoja nyuma ya soko anahitaji mtu wa kufika mlangoni. Benki Kuu haina tawi Tanga, na la Arusha liko zaidi ya kilomita 400. Kikoba cha Pangani kinasajiliwa palepale halmashauri, kwa kuwa Benki Kuu imekasimu kazi hiyo kwa serikali za mitaa. Malalamiko dhidi ya mkopeshaji wa daraja la pili nayo yapokelewe katika ofisi hiyohiyo, na orodha ya wenye leseni, pamoja na ile asilimia 3.5, ibandikwe kwenye ubao wa kila ofisi ya kata, kuanzia Mkinga hadi Pangani.