Kwenda Mbio Si Kufika

Wahenga walisema kwamba kwenda mbio si kufika. Methali hiyo yaweza kupimwa vizuri kwa mashindano ya mbio za milimani yaliyoanzishwa kaskazini ya Uingereza mwaka 1968 na Gerry Charnley. Kwa miaka mingi yaliitwa kwa jina la Karrimor, kampuni iliyotengeneza mashanta; baadaye yakaitwa Original Mountain Marathon.

Kila timu ina watu wawili. Hukimbia siku mbili, na usiku wa katikati hulala kambini milimani. Njia hawakuchorewa: hupewa ramani na vituo vya kupitia, nao huamua wenyewe pa kupita kwa msaada wa dira. Hema, jiko, chakula na nguo za akiba hubebwa mgongoni tangu mwanzo hadi mwisho. Juu ya hayo yote iko sheria moja, nayo ni kwamba wawili hawaachani. Afikaye kituoni peke yake huhesabiwa kuwa hajafika. Kwa hiyo mwendo wa timu ni mwendo wa yule aliye dhaifu saa ile, na aliye hodari asubuhi aweza kuwa ndiye dhaifu jioni.

Sheria hiyo ilitiwa mizanini tarehe 25 Oktoba 2008, katika bonde la Borrowdale, nchi ya milima na maziwa iitwayo Lake District. Bonde hilo, lenye kitongoji cha Seathwaite, ni miongoni mwa mahali penye mvua nyingi kabisa katika Uingereza. Watu 2,500 hivi walikuwa mashindanoni. Dhoruba ikazidi, vijito vikawa mito, barabara zikafunikwa na maji, na mashindano yakavunjwa siku ile ile. Usiku habari zikaenea kwamba watu 1,700 hivi hawajulikani waliko. Kulipokucha ilidhihirika kwamba wengi walikuwa salama: wengine walilala katika mahema yao, wengine katika mabanda ya wakulima, na wengine katika majengo ya mgodi wa Honister. Wachache walipelekwa hospitali. Hakufa hata mmoja.

Yatupasa kuipima habari hii kwa haki. Waliolaumu walikuwa na hoja, kwa kuwa hali mbaya ya hewa ilikuwa imetabiriwa, na waokoaji waendao mlimani usiku nao wana roho zao. Ujasiri wa wakimbiaji hauwaondolei waandalizi wajibu wa kuamua mapema. Lakini waliotetea nao hawakukosa hoja. Kutojulikana ofisini si kupotea. Mtu mwenye hema, chakula na mwenzi kando yake yu mahali pake, ijapokuwa jina lake halijatiwa alama katika orodha. Lau wangekuwa watu wapweke wenye mashanta matupu, mguu mmoja ulioteguka ungalitosha kuleta msiba.

Basi bahati peke yake haikuwarudisha watu wale. Walikuwa wamekwisha kufundishwa na sheria ya mchezo, kwa miaka 40, kwamba mbio za mmoja si kitu. Mwandishi wa historia ya michezo hupenda kuwahesabu waliotangulia. Katika mbio hizi yampasa awahesabu pia waliongojana.