Makuli, Mwongozo na Wasomi wa Mlimani

Mwezi Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliacha kazi. Wengi wao walikuwa vibarua wa kutwa. Alfajiri walijipanga getini, serahangi akachagua watu wa genge lake, na asiyechaguliwa akarudi nyumbani mikono mitupu. Gati za maji marefu hazikuwapo bado, zilifunguliwa 1956. Meli zilitia nanga katikati ya bandari, shehena ikateremshwa kwenye matishali, matishali yakavutwa hadi ufukoni, na kuanzia hapo mzigo ulikuwa wa mgongo wa mtu. Kazi hiyo ilikuwa ya sulubu na ujira wake haba, lakini ilikuwa na nguvu ambayo makuli waliijua vizuri kuliko waajiri wao walivyodhani. Robota za katani zikibaki ufukoni, meli inakaa, na kila siku ya meli kukaa ni hasara kwa mwenye meli na mwenye shamba pia.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imepandisha bei za kila kitu, nguo na unga vikawa adimu, na ujira haukufuata bei. Januari ya mwaka huohuo watu wapatao 15,000 walikuwa wamegoma Mombasa, na kutokana na mgomo ule ukatokea muungano wa wafanyakazi ulioongozwa na Chege Kibachia. Serikali ya kikoloni ilimkamata Kibachia mwezi Agosti, ikamhamishia Baringo. Kumwondoa mtu mmoja hakukuzima jambo. Mgomo wa Dar es Salaam ulifuata reli ya kati, ukagusa Morogoro, Dodoma na Tabora, na mwaka uliofuata Unguja nayo ikasimama, wapagazi wa bandarini wakiwa wa kwanza. Makuli wa Dar es Salaam walipata nyongeza kubwa ya ujira kupitia baraza la usuluhishi, kisha wakaandikisha chama chao.

Ninaanza na 1947 kwa sababu moja. Hakuna chama cha kijamaa kilichowapanga watu wale. Hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza kwamba wananyonywa. Walichohitaji ni chombo chao wenyewe, na walipokipata hawakukaa nacho: mgomo wa 1950 uliishia kwenye ghasia na chama kikavunjwa. Ukitaka kuelewa yaliyotokea Tanzania baada ya uhuru, fuatilia hatima ya chombo hicho. Maneno yaliyosemwa juu ya mfanyakazi yatakupoteza, maana yalikuwa mengi na mazuri.

Mashambani hali ilikuwa ngumu zaidi. Katani iliyoletwa na Mjerumani Richard Hindorf miaka ya 1890 ilikuwa imeifanya Tanga kuwa nchi ya manamba, watu waliochukuliwa Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na kwingine. Manamba alipewa kipande chenye nafasi 30. Kila alipomaliza kazi aliyopimiwa, siku yake ilitiwa alama. Asipoimaliza, siku ile haikuhesabiwa hata kama alitoka jasho hadi jioni. Mshahara ulilipwa kipande kikijaa. Kwa hiyo mwezi wa manamba ungeweza kuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda, na mtu akalala njaa akiwa na siku 20 za kazi mfukoni.

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilizaliwa 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake wa kwanza. Lilikua haraka na likatembea bega kwa bega na TANU, chama kilichopigania uhuru, ingawa halikuwa tawi lake. Tofauti hiyo ilionekana wazi bendera ya uhuru ilipokwisha kupandishwa. Wakuu wa vyama walidai mishahara, walidai nafasi za Wazungu zishikwe na Waafrika upesi, na walidai kubaki huru. Serikali nayo iliona nchi maskini ambayo wenye mishahara ni wachache na wakulima ni wengi. Hoja hiyo haikuwa ya hila. Azimio la Arusha lenyewe lilikuja kuonya kwamba watu wa mjini wanaweza kuwa wanyonyaji wa watu wa shamba, na mtu aliyeona maisha ya mkulima wa Dodoma wakati wa ukame hawezi kulipuuza onyo hilo.

Lakini hoja ya haki ilitumika kufanya jambo baya. Mwaka 1962 zilipitishwa sheria zilizofanya mgomo halali karibu usiwezekane, na aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo ni Kawawa yuleyule. Michael Kamaliza wa TFL akawa waziri mwenye dhamana ya kazi. Christopher Tumbo, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, alipelekwa ubalozini London, akajiuzulu na kuanzisha chama cha upinzani. Victor Mkello wa wafanyakazi wa mashamba alihamishiwa Sumbawanga mwanzoni mwa 1963. Maasi ya jeshi ya Januari 1964 yakamaliza kazi: viongozi wengi wa vyama walikamatwa, TFL ikavunjwa, na mwezi uliofuata ikaundwa NUTA, chombo kimoja kilicho chini ya TANU, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Kamaliza alikuwa waziri na katibu mkuu kwa wakati mmoja. Mfanyakazi alikatwa ada kwenye mshahara kulipia chama ambacho mkuu wake hakumchagua wala hangeweza kumwondoa.

Baada ya hapo ndipo mrengo wa kushoto wa Mlimani, yaani chuo kikuu cha Dar es Salaam, ulipochanua. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliunda umoja wao wa kimapinduzi, USARF, Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti. Walter Rodney alifundisha hapo. Jarida lao, Cheche, lilichapwa kwa stensili, na mwaka 1970 lilitoa andiko la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimyakimya Tanzania. Shivji alisema jambo zito: mali ikitaifishwa bila wafanyakazi kushika hatamu, tabaka jipya la wakubwa wa ofisi za umma litakaa kwenye kiti cha bepari. Historia imethibitisha maneno yake kwa kiasi kikubwa. Novemba mwaka huo USARF na Cheche vilipigwa marufuku, kwa madai kwamba jina la jarida limeazimwa Urusi.

Ninawaheshimu vijana wale. Walisoma kwa bidii, wakasema ukweli mahali ambapo kunyamaza kulilipa zaidi. Hata hivyo mijadala yao iliandikwa kwa Kiingereza, kwenye chuo cha serikali, na ilizimwa kwa amri bila kiwanda hata kimoja kusimama kuitetea. Kati ya Mlimani na viwanda vya barabara ya Pugu hapakuwa na chama cha kuwaunganisha. NUTA ilikuwa imekalia nafasi hiyo.

Kisha mlango ukafunguka upande ambao wasomi hawakuutazamia. Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kupindua serikali Uganda, TANU ilitoa Mwongozo. Kifungu cha 15 kilikataza viongozi kuwa na ubwana, dharau na uonevu. Kilikuwa kifupi, kwa Kiswahili, na wafanyakazi walikishika. Meneja aliyetukana watu alisomewa kifungu hicho. Migomo ya miaka miwili iliyofuata haikuhusu sana shilingi. Ilihusu heshima, matusi, kufukuzwa ovyo, na wakubwa wanaotumia mali ya umma kana kwamba wamerithishwa. Mahali pengine wafanyakazi walifunga geti na kumwacha meneja nje.

Mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikwenda mbali zaidi: walimfungia nje mwenye kiwanda, wakaendelea kuzalisha wenyewe. Viwanda vingine vilipoanza kuiga, subira ya dola iliisha. Polisi waliingia, watu wakafukuzwa kazi, na hotuba za viongozi zikaanza kusema kwamba Mwongozo si ruhusa ya utovu wa nidhamu. Waliokuwa wametekeleza maneno ya chama tawala kwa uaminifu kuliko mtu yeyote waliadhibiwa kwa kuyatekeleza.

Hapo ndipo ninapoona mpaka wa harakati zetu za kushoto, za chuoni na za chama tawala kwa pamoja. Zote zilimpenda mfanyakazi, moja kama tabaka la vitabuni, nyingine kama mwana wa taifa. Iliyotawala ilimnyang'anya chama chake. Iliyosoma ilikuja wakati kimekwisha chukuliwa, na kukirudisha hakukuwa ajenda yake ya kwanza. Bila chama, ushindi wa Mount Carmel ulibaki wa geti moja. Makuli wa 1947, bila nadharia yoyote, walikuwa wamesimamisha bandari na vituo vya reli hadi Tabora.

NUTA ilibadilishwa kuwa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha OTTU mwaka 1991, kabla ya vyama kurudi kusimama kisekta. Vijana waliofunga mageti mwaka 1973 sasa ni wazee wa miaka 70 na zaidi, na mihtasari ya kamati zao, kama ipo, imo kwenye makabati ya viwanda vilivyobinafsishwa au kugeuzwa maghala. Msomaji mwenye mzazi, mjomba au jirani aliyekuwa kazini wakati ule, Chang'ombe, Pugu au bandarini, amuulize sasa, na ayaandike majibu kwa maneno ya mzee mwenyewe.