Madeni ya Jumuiya Iliyovunjika

Tunapovuka kwa pantoni kutoka Kigamboni kwenda Magogoni, tukitazama upande wa ndani tunaiona bandari ya Dar es Salaam. Vijana wetu wengi hawajui kwamba kabla ya 1977 bandari hiyo na ile ya Mombasa ziliendeshwa na shirika moja, Shirika la Bandari la Afrika Mashariki, ambalo makao yake makuu yalikuwa hapa Dar es Salaam. Reli na ndege zilikuwa na makao Nairobi, posta na simu Kampala, na sekretarieti ya Jumuiya ilikuwa Arusha. Mtanzania aliweza kuajiriwa na shirika ambalo lilikuwa mali yake, ya Mkenya na ya Mganda kwa pamoja.

Umoja huo ulitamaniwa mapema. Mwaka 1960 Mwalimu Nyerere alisema yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi zetu zipate uhuru zikiwa shirikisho. Juni 1963 yeye, Kenyatta na Obote walitangaza Nairobi nia ya kuunda shirikisho hilo, lakini halikuundwa. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa shilingi yake. Hata hivyo, mwaka 1967 nchi hizo tatu zilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Nasi Wakristo tulipita njia hiyohiyo. Waanglikana wa Kenya na Tanganyika walikuwa jimbo moja tangu 1960, na mwaka 1970 wakagawanyika kuwa majimbo mawili. Maaskofu Wakatoliki waliunda umoja wao wa Afrika Mashariki, AMECEA, mwaka 1961, na umoja huo haukufa Jumuiya ilipokufa.

Kwa nini Jumuiya ilikufa? Kenya ilikuwa na viwanda vingi zaidi, na wenzake walilalamika kwamba faida inaegemea upande mmoja. Tanzania ilichagua ujamaa, Kenya ikafuata ubepari. Mwaka 1971 Idi Amin alimpindua Obote, na Nyerere akakataa kuketi naye mezani. Tangu hapo wakuu watatu hawakukutana tena katika kikao chao cha juu. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege lilisambaratika, na mwezi Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983.

Viongozi walipogombana, waliolala njaa ni wafanyakazi. Watu waliotumikia reli, bandari, posta na ndege waliachwa wakiuliza: pensheni yetu italipwa na nani? Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alihangaika miaka kadhaa hadi Mei 1984, nchi zilipokubaliana kugawana mali: Kenya asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Kila nchi iliahidi pia kuwalipa raia wake. Lakini hapa kwetu wazee hao waliendelea kudai, wakafika mahakamani, na hata baada ya makubaliano ya mwaka 2005 wapo waliosema hawajapata haki yao yote. Wengine walizikwa wakiwa bado wanadai.

Ndugu msomaji, fungua Nehemia sura ya 5. Watu wanajenga ukuta wa Yerusalemu, kazi njema kabisa, lakini maskini wanalia kwamba ndugu zao wamechukua mashamba yao na watoto wao kwa sababu ya madeni. Nehemia hakuwaambia wasubiri ukuta ukamilike. Aliwaita wakuu, akawakemea mbele ya kusanyiko, na mali ikarudishwa. Yakobo naye anatukumbusha katika sura ya 5 kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na Bwana anasikia.

Jumuiya ilizaliwa upya kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Leo ina nchi nane, hadi Kongo na Somalia. Sarafu moja iliyopangwa kufika 2024 haikufika. Mwaka 2017 wakuu walikubali tuanze na konfederesheni, yaani kila nchi ibaki na mamlaka yake huku tukiunganisha baadhi ya mambo ya utawala.

Wengine hututolea mfano wa Ulaya. Ni mfano mzuri tukiusoma wote. Robert Schuman, Mkatoliki mcha Mungu, alipendekeza Mei 1950 kwamba Ufaransa na Ujerumani ziweke makaa ya mawe na chuma chini ya mamlaka moja, ili zisiweze kupigana tena. Walianza na upatanisho wa maadui. Lakini Uingereza ilijitoa Januari 2020, kwa kuwa wananchi wengi walipiga kura kuondoka. Hata muungano wa muda mrefu huhitaji ridhaa ya watu wake.

Basi siku tutakapoulizwa maoni kuhusu shirikisho, tusiulize tu nani atakuwa rais na makao yatakuwa wapi. Tuulize: tukikosana, mfanyakazi wa kawaida atalipwa na nani? Mkulima na mama anayeuza dagaa watapata nini? Hayo yaandikwe mapema, wakati bado tunapendana. Na wale wazee wa Jumuiya ya kwanza ambao bado tunao katika sharika zetu, tuwatembelee na tuwasikilize. Wanajua mambo ambayo mikataba haisemi.