Hofu ya Gari la Moshi

Twasikia mara nyingi kwamba washika-kale huogopa bure kila jambo jipya. Tuitazame Uingereza. Mwaka 1825 mswada wa reli ya Liverpool na Manchester ulishindwa Bungeni, kwani mabwana wenye mashamba waliupinga. Reli ilipofunguliwa tarehe 15 Septemba 1830, mbele ya Waziri Mkuu Wellington, gari la moshi lilimkanyaga mbunge Huskisson, akafa jioni ile. Mwaka 1841, karibu na Sonning, abiria maskini walirushwa kutoka katika mabehewa ya wazi, wakafa. Basi hofu ile haikuwa upuzi. Lakini mwaka 1844 serikali ya wahafidhina wenyewe ilitoa sheria ya mabehewa yaliyofunikwa na nauli nafuu. Twaona kwamba hofu yenye kutunga sheria yafaa kuliko hofu yenye kuziba njia.