Mafuta na Uvimbe: Habari za Vipokezi vya Kiini, 1990 hadi 2003

Katika Bweri, kata ya mji wa Musoma, kama popote pasemwapo Kiswahili, neno mafuta lina kazi nyingi: yako ya kupikia, ya kujipaka, ya taa na ya gari, nayo shahamu ya mnyama au samaki huitwa vivyo hivyo. Katika maana hizo zote mafuta ni kitu cha kuwaka, cha kulainisha au cha kuwekwa akiba. Sangara, aliyetiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na kujaa pande za Tanzania katika miaka ya 1980, hakuibadili fikira hiyo. Samaki huyu ni mnono hata haanikiki vema juani kama furu au dagaa, ikawalazimu watu wa ukingoni kumbanika kwa moshi ama kumkaanga.

Kwamba mafuta yaweza pia kuwa mjumbe ni maarifa mapya, hata kwa wataalamu. Mwaka 1990 Isabelle Issemann na Stephen Green walieleza protini moja ya panya ifanyayo kazi ndani ya kiini cha seli, nayo huamshwa na kemikali zinazozidisha vifuko vidogo viitwavyo peroksisomu. Protini ikapewa jina kwa sababu hiyo, likafupishwa PPAR. Jina hilo ni baya: kwa binadamu vifuko hivyo haviongezeki kwa namna ile, na kazi kubwa ya protini yenyewe haimo jinani. Lakini majina yakishatangulia hayang'oki upesi.

Kazi yenyewe ilidhihirika vizuri mwaka 1996, katika utafiti wa Pallavi Devchand, Walter Wahli na wenzao. Iko dutu iitwayo lukotrieni B4, itengenezwayo mwilini kutokana na tindikali ya mafuta, nayo huchochea uvimbe. Watafiti hao waliona kwamba dutu hiyo hushikamana na PPAR-alfa, ambayo huamuru kutengenezwa kwa vimeng'enya vya kuyavunja mafuta, na dutu yenyewe pamoja nayo. Panya waliozaliwa bila kipokezi hicho walikaa na uvimbe muda mrefu zaidi. Basi yule mjumbe aletaye moto ndiye aagizaye maji. Mwaka 1998 ndugu yake, PPAR-gama, alionekana kuzituliza seli za kinga. Na mwaka 2003 kundi la Peter Tontonoz lilionyesha hayo kwa LXR, vipokezi vya kolesteroli iliyooksidishwa.

Kwa Kiswahili, kipokezi cha kiini ni istilahi njema, ila kuifasiri PPAR neno kwa neno ni kuhamisha kosa la 1990. Tatizo zito zaidi ni uvimbe. Neno hilo hubeba jipu, saratani na mwako wa ndani usioonekana kwa macho. Muuguzi wa Bweri akimwambia mgonjwa mnene kwamba mishipa yake ya damu ina uvimbe, mgonjwa hujipapasa akitafuta donge, asilione, akaondoka akidhani ni mzima.