Sosholojia Si Ustawi wa Jamii

Mtu akijitambulisha kuwa ni mwanasosholojia, wengi humdhania afisa ustawi wa jamii, yule anayeshughulikia watoto wa mitaani na ndoa zilizovunjika. Siwalaumu. Neno jamii tumelitwisha mizigo mingi mno: kuna maendeleo ya jamii, sayansi za jamii, Maarifa ya Jamii ya shule ya msingi, isimujamii ya vyuo vikuu, na bwana afya akisema anatoa elimu kwa jamii, anazungumzia kunawa mikono na kuchemsha maji. Istilahi elimujamii, ambayo ni jina jingine la sosholojia, pamoja na uzuri wake, hupotea katika msongamano huo.

Hata jina la asili la taaluma hii lilitokana na ugomvi. Mfaransa Auguste Comte aliiita taaluma aliyoiwazia fizikia ya jamii. Mwaka 1835 Mbelgiji Adolphe Quetelet, bingwa wa takwimu, akalitumia jina hilohilo kitabuni mwake. Comte alikasirika, na mwaka 1839 akachapisha neno jipya, sociologie, akiunganisha socius la Kilatini, yaani mwenzi, na logos la Kigiriki. Waarabu wao husema ilm al-ijtimai, na ijtimai na jamii ni maneno ya mzizi mmoja, wa kukusanya na kukusanyika. Kwa hiyo elimujamii haikutoka hewani.

Lakini jina halituelezi mwanasosholojia anafikirije. Tumtazame Émile Durkheim, aliyeandika kuhusu kujiua mwaka 1897. Alichagua kwa makusudi tendo linaloonekana kuwa siri ya mtu na Mola wake. Akapekua takwimu za nchi za Ulaya, akakuta kila nchi ina kiwango chake, na kiwango hicho hakibadiliki sana mwaka hadi mwaka, ingawa waliokufa mwaka huu si wale wa mwaka jana. Waprotestanti waliwazidi Wakatoliki. Makapera waliwazidi waliooa. Huzuni ya mtu mmoja mmoja haiwezi kueleza utulivu wa namna hiyo. Durkheim alisema kinachopimwa hapo ni jinsi kundi linavyowashika watu wake: likilegea mno watu huponyoka, na likibana mno huwamaliza kwa njia nyingine.

Hoja hiyo haikuachwa bila kuhojiwa, na hapo ndipo taaluma hii inaponivutia zaidi. Mwaka 1967 Mmarekani Jack Douglas aliuliza: ni nani anayeandika rejistani kwamba huyu kajiua? Familia inayoogopa aibu, au inayotaka maziko ya kidini, ina kila sababu ya kumshawishi daktari aandike ajali. Basi takwimu nazo ni zao la jamii, nazo zinahitaji kuchunguzwa. Anayetaka kuelewa fikra ya kisosholojia ashike swali hilo la Douglas kuliko majibu yote ya Durkheim.

Mwanasosholojia mwingine, C. Wright Mills, mwaka 1959, alitofautisha taabu za mtu na masuala ya umma. Katika mji wa watu 100,000, mmoja akikosa kazi, tutazame tabia yake na ujuzi wake. Wakikosa mamilioni katika taifa zima, tutazame uchumi. Kwetu kijana mwenye shahada akikaa nyumbani miaka mitatu, mjomba atasema ni mvivu, shangazi atasema amerogwa. Mwanasosholojia atauliza kwanza wenzake wa darasa moja wako wapi. Uvivu upo, haukanushi; ila darasa zima haliwi vivu kwa pamoja.

Sasa turudi kwenye istilahi. Vitabuni utakuta sosholojia, soshiolojia na elimujamii, wakati mwingine zote katika sura moja, na msomaji hudhani ni mambo matatu. Nachagua sosholojia: ni fupi, haigongani na kazi ya bwana afya, na inazaa mwanasosholojia na -a kisosholojia bila taabu. Wahariri wanaopenda elimujamii waitumie, mradi waitumie peke yake tangu jalada hadi faharasa.