Nani Kashika Rimoti? Safari ya TV Bongo, Kutoka Sebuleni Hadi Kiganjani

Muulize kijana wa Sinza au Mbagala ni lini mara ya mwisho alikaa mbele ya TV akasubiri kipindi kianze. Atacheka kwanza. Habari anazipata Instagram, muziki upo YouTube, umbea upo kwenye magrupu ya WhatsApp, na mpira anaufuata kibanda umiza. TV ipo ukutani, ndiyo, ila inashika vumbi tu.

Wengi wanasema simu ndiyo imeua TV. Ni jibu jepesi, ila historia ya Bongo inasimulia kingine. Watu hawakuamka asubuhi moja wakaisusa TV. Miaka yote rimoti ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine, na kila alipobana, watu walitafuta pa kutokea.

Enzi za redio ya mbao

Zanzibar ilikuwa na TV, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara? Hamna kitu. Serikali ya Awamu ya Kwanza iliona TV ni anasa ya wachache wa mjini wakati nchi bado inahangaika na maji na shule. Vituo vya Bara vilikuja 1994. Maana yake mtoto aliyezaliwa Morogoro mwaka 1975 alikaribia miaka 20 bila kituo hata kimoja cha TV cha upande wake.

Sasa waliishije? Waliishi na Redio Tanzania. Saa mbili usiku taarifa ya habari, na michezo kama Pwagu na Pwaguzi iliyokusanya familia nzima kucheka. Kituo kilikuwa kimoja, cha serikali, huna pa kuhamia. Lakini hata hapo wazee wa mtaa walikuwa na ujanja wao: wanazungusha kile kitufe cha masafa mafupi taratibu mpaka wainase Idhaa ya Kiswahili ya BBC au Sauti ya Ujerumani. Kwa hiyo mtu anayekwepa chaneli moja ili asikie upande wa pili hajazaliwa na simu janja. Babu yake alifanya hivyo hivyo.

Nawa miguu ndipo uingie

Sheria ya Utangazaji ya 1993 ikafungua mlango kwa vituo binafsi, na mwaka uliofuata TV zikaanza kuwaka Dar. Ila mtaa mzima unaweza ukawa na TV moja, ile ya chogo. Watoto wanajaa dirishani. Waliobahatika kuingia wananawa miguu kwanza na kukaa chini, kimya. Mwenye nyumba akisema "Kalaleni kwenu," hata kama steringi ndio kwanza anafunga kamba za viatu kwenda kulipiza kisasi, mnaondoka.

Wasiopata sebule wakahamia banda umiza. Deki moja, TV moja, mabenchi ya mbao, kiingilio kidogo, na filamu za Kichina na Kihindi zenye sauti ya mtafsiri wa Kiswahili aliyeongeza vituko ambavyo mwandishi wa filamu hakuwahi kuvifikiria. Hapo watu walilipia walichotaka kuona, muda ule ule. Ukiangalia vizuri, hiyo ndiyo tabia ya leo ya kununua bando na kuchagua video, ila ya leo haina benchi.

Usiku wa chenga

Halafu ikaja tarehe 31 Desemba 2012. Mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, na mwaka 2013 miji mingine ikafuata kwa awamu. Sababu ya kitaalamu ilikuwepo: kwenye masafa yaliyobeba kituo kimoja cha analojia, dijitali inabeba vituo kadhaa, na masafa yanayobaki yanaweza kutumika kwa intaneti ya simu. Yaani TV yenyewe ilisogea pembeni ili simu ipate nafasi.

Ila kwa mama wa uswazi hesabu ilikuwa nyingine. TV yake ni nzima, antena ipo juu ya bomba, lakini kioo kinaonyesha chenga tupu. Anatakiwa anunue king'amuzi. Kitu alichozoea kukipata bure kikawa na bei mlangoni. Wapo walionunua, na wapo waliosema basi.

Na wakati huo huo pa kutokea palikuwa pameshaandaliwa. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar mwaka 2009, bando zikaanza kushuka bei, simu za kichina zikajaa Kariakoo.

Mwaka 2016 matangazo ya Bunge moja kwa moja kwenye TV ya taifa yakasitishwa, sababu ikitajwa kuwa ni gharama. Vijana wakaanza kutafuta vipande vya video mtandaoni. Mwaka 2018 baadhi ya ving'amuzi vya setilaiti vikalazimika kuondoa chaneli za bure za hapa nyumbani, kwa sababu leseni zao hazikuruhusu kuzirusha. Mtu kalipia mwezi mzima, habari za nyumbani hazioni. Hapo simu haikuhitaji hata kujitangaza.

Lakini mwaka huo huo rimoti ikafuatwa na huku. Kanuni za maudhui mtandaoni zikamtaka mwenye blogu alipe ada zilizofika kama shilingi milioni 2.1, na baadhi ya blogu zikafunga. Kumbe kuhamia kiganjani hakukuwa sawa na kuwa huru.

Sasa rimoti iko wapi?

Leo unadhani unayo wewe. Unafungua simu, unapandisha kidole, video inakuja. Nani kaichagua? Mtandao umeshasoma ulichokipenda jana, unakuletea hicho hicho mpaka usiku wa manane na bando limekata. Mwenye nyumba wa 1994 angalau alikufukuza ukalale.

Na kuna kitu kimepotea njiani. Zamani saa mbili usiku nyumba nzima ilisikia habari moja, ikabishana habari moja. Siku hizi kukitokea jambo kubwa, bibi asiye na simu janja anauliza kuna nini, na wajukuu watatu kwenye kochi moja wanampa majibu matatu tofauti. Hamna hata mmoja anayeinua macho.

Kuacha TV siyo kosa, hata babu alihama masafa. Ila babu alijua anahama kwenda wapi, na kwa nini. Mkono ulikuwa wake.

Kwenu nani anashika rimoti? Dondosha komenti hapo chini.